Mnyama na Mahali Pake: Ushauri kwa Wazazi na Walimu Wanaowapeleka Watoto Kwenye Vituo vya Mazingira vya Pwani

Mtoto anayekulia Mombasa, Kilifi au Unguja huweza kumtambua simba, twiga na pundamilia kabla hajajua kusoma, kwa kuwa picha zao zimejaa katika vitabu vya chekechea na vipindi vya televisheni, ilhali sange, paa nunga na kima punju, ambao wanaishi katika misitu ya pwani hiyo hiyo, hawajui kwa sura wala kwa jina. Pengo hilo halitokani na uzito wa akili ya mtoto, wala halizibwi kwa kumwongezea picha. Linatokana na kwamba elimu ya wanyama, nyumbani na shuleni, imejengwa juu ya wanyama wakubwa wa mbuga za bara ambao watalii huwafuata kutoka mbali, na viumbe wadogo wa misitu, mikoko na miamba ya matumbawe wakaachwa kando kana kwamba hawastahili kusomwa. Ziara ya kituo cha mazingira ni njia mojawapo bora ya kuirekebisha hali hiyo, lakini kwa sharti moja ambalo mara nyingi hupuuzwa, nalo ni kwamba mtoto aonyeshwe wanyama wachache, kwa muda mrefu, mahali wanapoishi wenyewe, ili aelewe kila mmoja anakula nini, analala wapi na anamkimbia nani. Mtoto aliyepitishwa haraka haraka mbele ya vizimba thelathini amepewa orodha tu, na orodha husahaulika kabla ya basi kufika shuleni.

Istilahi chache zahitaji kuwekwa wazi mapema, kwa sababu watoto huzielewa upesi wakielezwa na huchanganyikiwa wakiachwa wazibahatishe. Mnyama mwenyeji ni yule ambaye aina yake imeishi katika eneo fulani bila kuletwa na mwanadamu. Mnyama mgeni ni yule aliyeletwa, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, hata kama kizazi baada ya kizazi kimezaliwa papo hapo. Miongoni mwa wenyeji wako wale wa eneo moja tu, yaani ambao kiasili hawapatikani popote pengine duniani, kama kima punju wa Unguja, na hao wakitoweka kwao wametoweka kabisa. Miongoni mwa wageni wako wavamizi, ambao huongezeka na kuwasonga wenyeji. Mfano ulio karibu zaidi na macho ya mtoto ni kunguru wa Bara Hindi, mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji, akaenea pwani na kuwa mla mayai na makinda ya ndege wengine. Tofauti baina yake na kunguru mwenyeji mwenye kifua cheupe mtoto aweza kuiona akiwa dirishani, na mwalimu anayetaka kujua kama darasa limeielewa dhana ya uenyeji hahitaji mtihani mwingine.

Kituo cha mazingira, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mahali popote palipotengwa ili watu wajifunze juu ya viumbe na makazi yao wakiwa na mwongozaji. Paweza kuwa lango la msitu wenye njia za miguu, bwawa la kutunzia kasa, shamba la vipepeo, au machimbo ya zamani yaliyooteshwa miti upya. Vituo hivi havilingani, na jambo la kwanza linalompasa mzazi au mwalimu kabla ya kulipa nauli ni kuuliza wanyama waliopo wametoka wapi na kwa nini wapo hapo. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, asili yao ni Shelisheli, na waliletwa mwaka 1919 wakiwa zawadi. Kobe aitwaye Mzee wa hifadhi ya Haller Park huko Bamburi, aliyepata umaarufu duniani baada ya kuandamwa kila aendako na kiboko mchanga aitwaye Owen, ambaye aliokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, naye ni wa jamii ya kobe wa Aldabra, visiwa vilivyo katika Shelisheli hiyo hiyo. Hakuna ubaya wowote wa kuwaona kobe hao, kwa maana hadithi yao inapendeza na ukubwa wao humshangaza mtoto. Ubaya uko pale mtoto anaporudi nyumbani akiamini kwamba amewaona wanyama wa kwao. Mwalimu aliyekwisha kulipia ziara ya namna hiyo na awatumie kobe kuwa mfano wa ugeni, kisha awaulize wanafunzi ni kiumbe gani kisiwani hapo kilichofika bila kupakiwa chomboni.

Haller Park yenyewe ina somo kubwa kuliko kobe wake, na somo hilo kwa kawaida hupitwa kwa haraka ya kuwafikia viboko na twiga. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kuchimba mawe ya matumbawe katika miaka ya 1950, kiliacha machimbo makavu yasiyo na udongo, na mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kazi ya kuyaotesha miti. Kati ya miti aliyoijaribu, mvinje ndio uliostahimili vizuri zaidi chumvi na joto la mahali pale, lakini majani yake membamba yalirundikana chini bila kuoza, hata walipoletwa jongoo, ambao waliyatafuna na kuyageuza kuwa mboji, yaani udongo mweusi wa mabaki ya mimea, na humo miti mingine ikapata pa kushika mizizi. Msitu unaoonekana leo umesimama, kwa sehemu kubwa, juu ya kazi ya jongoo. Mtoto akiachwa robo saa nzima amtazame mdudu huyo akila jani, kisha akaambiwa ayalinganishe majani yaliyotafunwa na mboji iliyo chini yake, amepata misingi ya elimu ya ikolojia, ambayo ni taaluma ya mahusiano baina ya viumbe na mazingira yao, bila kukaririshwa neno lenyewe. Tahadhari ni moja: jongoo akishikwa hutoa majimaji yanayoweza kuwasha ngozi na hasa macho, kwa hiyo afadhali atazamwe tu, na anayemshika anawe mikono mara moja.

Maandalizi yaanze nyumbani siku kadhaa kabla ya safari, na wala hayahitaji vitabu vya bei. Mjusi wa ukutani anayewinda wadudu karibu na taa hutosha kumzoeza mtoto kuuliza mnyama anakula nini, analala wapi na anamkimbia nani, kwa kuwa majibu yote yanapatikana sebuleni kwa kutazama. Inafaa pia mtoto achore kabla ya ziara mnyama atakayekwenda kumwona, kama anavyomdhania, hata kama mchoro una makosa. Makosa hayo ndiyo yatakayomfanya atazame kwa makini atakapomkuta mnyama mwenyewe, na mchoro wa pili, baada ya ziara, humwonyesha mzazi kilichojifunzwa kwa uwazi kuliko majibu ya maswali. Kuhusu muda, safari ianze mapema, kwa kuwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi wanyama wengi wa msituni huwa wanatafuta chakula, na ikifika adhuhuri hupumzika, na watoto nao wamechoka. Viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu, maji ya kunywa na daftari ndivyo vifaa vya lazima. Simu, kwa upande wa watoto, ibaki nyumbani. Kundi moja lisizidi watoto kumi au kumi na watano kwa kila mwongozaji, na pale shule inapolazimika kupeleka darasa zima la watoto sitini, ni bora ligawanywe na kila kundi lipewe njia yake kuliko wote kuandamana mstari mmoja, ambao mwisho wake hausikii lolote.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi, una eneo la kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki, lakini anayeingia humo akitarajia kuona wanyama kama waonekanavyo mbugani atatoka mikono mitupu, kwa kuwa wanyama wa msituni husikika kabla ya kuonekana. Mnyama anayefaa kufanywa kiini cha ziara hapo ni sange wa kiuno cha dhahabu, ambaye makazi yake ni misitu ya pwani ya Kenya na ambaye Arabuko-Sokoke ndiyo ngome yake kuu. Ana uzito wa nusu kilo hivi, pua ndefu isiyotulia, miguu myembamba na kiraka cha manjano juu ya mkia. Hutembea mchana, jambo ambalo ni neema kwa mwalimu, akiyafukua majani makavu kwa pua kutafuta wadudu na minyoo, na usiku hulala katika kiota cha majani alichokijenga chini. Akihisi hatari huyapiga majani makavu kwa mkia, na inadhaniwa kwamba sauti hiyo humjulisha adui kuwa amekwisha kuonekana na kwamba kunyata kwake hakuna faida tena. Ngozi iliyo chini ya kiraka cha manjano ni nene kuliko ile ya katikati ya mgongo, na maelezo yanayotolewa ni kwamba rangi humvuta adui aume mahali pasipodhuru sana. Dume na jike hushirikiana eneo moja kwa muda mrefu, ingawa muda mwingi kila mmoja huzunguka peke yake.

Sange ana fadhila nyingine kwa mwalimu: anaonekana kama panya, na si panya. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba jamaa zake ni tembo, pimbi, nguva na muhanga, wanyama ambao wote asili ya ukoo wao inahesabiwa kuwa Afrika. Mwalimu na achukue picha za wanyama hao pamoja na ya panya, awape watoto na kuwataka wamtafutie sange jamaa zake, kisha awaache wabishane njia nzima bila kuwajibu mpaka mwisho wa matembezi, kwa sababu jibu linalotolewa mapema huua ubishi, na ubishi ndio unaomfanya mtoto azikague pua, miguu na meno. Kwa kuwa sange huenda asionekane, njia iliyo salama ni kuwaketisha watoto kando ya njia kwa dakika kumi za ukimya na kila mmoja achore ramani ya sauti, yaani karatasi yenye nukta katikati inayomwakilisha yeye mwenyewe, na pembeni alama za kila sauti aliyoisikia kwa upande na umbali wake. Zoezi hili huonekana dogo, lakini mtoto asiyeweza kukaa kimya dakika kumi hana ziara ya msituni ya kuizungumzia, na wengi huweza kuliko wazazi wao wanavyodhani.

Kwa watoto wadogo wasioweza matembezi marefu, Gede ndipo panapofaa zaidi. Mji huo wa kale wa Waswahili, uliohamwa karne nyingi zilizopita na kuingizwa mwaka 2024 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, umezungukwa na miti mikubwa ambayo imenusurika kwa sababu magofu yamehifadhiwa, na sange huonekana humo kati ya kuta za mawe. Makaya ya Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, yametenda jambo hilo hilo kwa njia ya mila, kwa kuwa heshima ya mahali patakatifu imezilinda mbegu, ndege na vipepeo ambao hakuna aliyekusudia kuwalinda. Mtoto mkubwa kidogo aweza kulizingatia hilo kwa faida. Hapo hapo Gede pana mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambao umewawezesha wakulima wa kandokando ya Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa wao, yaani vipepeo walio katika hatua ya kutulia ndani ya ganda, kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Jambo la kukaziwa hapa ni kwamba kiwavi, ambaye ndiye mtoto wa kipepeo, hali kila jani. Kila aina ina mimea yake michache, na mmea huo ukikatwa kipepeo hana pa kutaga. Faida ya fedha itajwe, kwa kuwa ni ya kweli na imebadilisha fikra za wengi juu ya msitu, lakini isitangulizwe mno, kwani mtoto aliyefundishwa kuwa thamani ya mnyama ni mapato yake atauliza haki ya wale wasio na bei, naye atakuwa ameuliza swali ambalo waliomfundisha walilikwepa.

Upande wa Unguja, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, inatoa hali iliyo kinyume na ya Arabuko-Sokoke, kwa kuwa kima punju wake wamewazoea watu kiasi kwamba mtoto huweza kuwaona kwa karibu mno, na kazi ya mwalimu inakuwa kuzuia ukaribu huo usigeuke mchezo. Kima punju ana tumbo lenye vyumba vinne, ambamo bakteria huchachusha majani mabichi na kuyafanya yameng'enyeke. Matunda mabivu yenye sukari nyingi huvuruga uchachushaji huo, ndiyo maana yeye hupendelea majani machanga na matunda mabichi. Mtoto akielezwa hivyo huelewa mwenyewe kwa nini kumtupia kima ndizi ni kumdhuru, na katazo lenye sababu hushikwa na watoto kuliko lile lililobandikwa langoni. Vilevile mkono wa kima huyu umekosa kidole gumba cha kufaa, umebaki na kinundu tu, na njia rahisi ya kulieleza umbo hilo ni kuwataka watoto wakunje vidole gumba vyao, wajaribu kumenya chungwa, kisha wajaribu kuning'inia kwenye tawi imara. Watagundua kwamba kumenya kumewashinda ila kuning'inia hakukuwasumbua.

Tabia yake ya kula mkaa inastahili muda wake wenyewe. Kima wanaoishi kando ya Jozani, kwenye mashamba ya vijijini, hula sana majani ya mwembe na mkungu, miti iliyoletwa kutoka nje, ambayo yana protini nyingi lakini pia kemikali zinazozuia umeng'enyaji. Watafiti wameona kwamba kima hao huokota mkaa kwenye visiki vilivyoungua na karibu na majiko, na kwamba mkaa una uwezo wa kuzinasa kemikali hizo. Yasemekana watoto wa kima hujifunza tabia hiyo kwa kuwaangalia mama zao. Hapa mtoto anakutana na mnyama mwenyeji aliyejipatia ujuzi wa kuishi na mti mgeni, na mwalimu hahitaji kuongeza neno la nasaha. Kabla ya kuondoka, kundi liyatazame matuta yaliyowekwa kwenye barabara inayokatiza hapo, ambayo yalipunguza idadi ya kima waliokuwa wakigongwa na magari, kwa sababu ni vizuri mtoto aone kwamba ulinzi wa mnyama mara nyingine ni saruji na lami. Njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko ya Pete, ndani ya hifadhi hiyo, nayo itembelewe kwa kufuata bamvua na maji mafu. Mwongozaji aulizwe siku moja kabla maji yatakupwa saa ngapi, kwani yakiwa yamejaa mtoto ataona miti ndani ya maji, na yakiwa yamekupwa ataona kaa, konokono na mizizi inayopumua.

Kikwazo kikubwa cha elimu hii yote ni mtu mzima mwenyewe, na ni lazima jambo hilo lisemwe bila kuzungusha maneno. Mtoto wa miaka minne humwendea kinyonga kwa shauku. Humkimbia akishafundishwa kwamba kinyonga ana sumu au mkosi, ilhali kinyonga hana sumu kabisa, na rangi anazobadilisha humsaidia zaidi kuonyesha hali yake kwa kinyonga wengine na kurekebisha joto la mwili kuliko kujificha. Bundi amepakaziwa uchuro, na bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake haufiki sentimita 20, ambaye chakula chake ni wadudu na ambaye hapatikani ila Arabuko-Sokoke na vilima vya chini vya Usambara Mashariki, anabeba lawama asiyoistahili hata kidogo. Mzazi asiyeweza kuishinda hofu yake halazimiki kujifanya shujaa mbele ya mwanawe; asimame nyuma kidogo, amwachie mwongozaji nafasi, na azuie ukelele, kwa maana ukelele mmoja wa mama au mwalimu hufuta saa mbili za maelezo. Nyoka watengewe kanuni yao: mtoto afundishwe kwamba nyoka wengi wa pwani hawana sumu ya kumdhuru mtu, kwamba nyoka wembamba wa kijani wasio na madhara huuawa kila siku kwa kudhaniwa kuwa wale wenye sumu kali, na kwamba pamoja na hayo yote hakuna nyoka wa kushikwa au kusogelewa na mtoto, kwa sababu kumtambua ni kazi ya aliyefunzwa.

Kwamba hofu na uzembe wa jamii vinaweza kubadilika, Pemba imethibitisha. Popo wa Pemba, mla matunda ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu, na ambaye kisiwa hicho ndicho kwao pekee, alikuwa amewindwa kwa ajili ya nyama na kunyimwa miti ya kulala hata mwishoni mwa karne iliyopita akahesabiwa kuwa hatarini mno kutoweka. Vikundi vya vijiji vilivyoanzishwa kuyalinda maskani yake, kikiwemo kile cha Kidike ambacho hupokea wageni, vilisaidia idadi yake kupanda tena hadi kufikia maelfu. Mtoto anayepelekwa Kidike jioni, wakati popo wanapoamka, aelezwe kwanza kazi yao, nayo ni kubeba mbegu za miti mbali na mti mama na kuchavusha maua yanayofunguka usiku, yaani kuhamisha chavua kutoka ua moja hadi jingine. Akiisha kulijua hilo, kelele zao na harufu ya maskani yao hazitamchukiza kiasi cha kutotazama.

Baharini utaratibu ni ule ule, isipokuwa usalama unatangulia. Mabwawa ya kasa, kama lile la Mnarani huko Nungwi lililoanzishwa mwaka 1993, humwezesha mtoto kutofautisha kasa wa kijani na ng'amba kwa kuyatazama magamba na mdomo, na kumwelewa mnyama ambaye joto la mchanga alimotagwa ndilo huamua kama atakuwa jike au dume, mchanga wa joto zaidi ukizaa majike. Lakini kituo kinachouza nafasi ya kuogelea na kasa au kuwabeba kwa ajili ya picha kiepukwe, hata kama bei yake ni nafuu. Kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake wa matumbawe umelindwa tangu mwaka 1994, hupokea wanafunzi wa Zanzibar na kuwaonyesha matumbawe ndani ya maji wakiwa na waongozaji, jambo lenye uzito kwa watoto wa visiwani ambao wengi wao, wasichana hasa, hawajafundishwa kuogelea. Mtoto aliyezaliwa mita chache kutoka baharini na asiyejua kilichomo ndani yake ndiye anayepaswa kutangulizwa katika orodha ya safari. Kwenye ghuba ya Mida, karibu na Watamu, wako ndege weupe na weusi wenye midomo minene ya kuvunjia kaa, ambao huatamia katika mashimo ya mchanga kwenye fukwe za Uarabuni, Omani ikiwemo, kisha huja kukaa pwani hii sehemu kubwa ya mwaka. Familia za Kiswahili zenye jamaa Maskati zitaona kwamba njia ya baharini iliyowapeleka na kuwarudisha wazee wao ina wasafiri wengine.

Gharama huwazuia wengi, na hapo vyama vya wanafunzi vina msaada. Kenya imekuwa na vyama vya wanyamapori vya shule tangu mwaka 1968, na Tanzania ilianzisha vyama vya Malihai mwaka 1980. Mwalimu asiye na chama shuleni kwake aanzie hapo. Mwongozaji naye achaguliwe kwa busara, na pale inapowezekana awe mtu wa kijiji cha karibu, kwa kuwa mvuvi au mrina asali mzee, hata kama hana cheti, anajua nyakati na nyayo ambazo hazimo katika bango lolote. Aambiwe mapema umri wa watoto na mnyama aliyekusudiwa, na aombwe asitaje majina ya kitaalamu isipokuwa ameulizwa.

Baada ya ziara, kazi isiyopaswa kuachwa ni kumpa mtoto mnyama mwenyeji wa kumfuatilia nyumbani kwa wiki kadhaa, na hakuna anayefaa kama kipepeo wa mdimu, mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye hutaga mayai yake kwenye majani ya mdimu, mlimau na mchungwa. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, akikua huwa wa kijani, na akiguswa hutokeza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali ya kumfukuza adui. Atiwe katika chupa pana iliyofunikwa kwa chandarua, apewe majani mabichi kila siku kutoka mti ule ule alikotolewa, wala asipewe majani yaliyopuliziwa dawa, na akiwa pupa aachwe bila kuguswa kwa wiki mbili au zaidi, mtoto akiandika tarehe ya kila badiliko. Mara nyingine atakayetoka katika pupa si kipepeo bali nyigu mdogo, kwa kuwa nyigu wa aina fulani hutaga ndani ya mwili wa kiwavi au pupa na watoto wao humla kutoka ndani. Mzazi asiifiche chupa hiyo wala asimtafutie mtoto kiwavi mwingine upesi ili kumpoza. Amwonyeshe tundu alilotokea nyigu, na amweleze kwamba wadudu hao ni miongoni mwa sababu za mdimu wa uani kutomalizwa majani na viwavi.